Maziwa Yasiyo na Mtoto

Fundi wa nguo hawezi kujidanganya kuhusu mwili wake. Mwanamke mwingine atasema gauni limepungua kwa kufuliwa, au kwamba mwaka huu amekula vizuri, na mambo yaishie hapo. Mimi nina tepu shingoni tangu asubuhi hadi jioni. Kila nilipojipima kiuno kilikuwa kimesonga mbele, na gauni nililolipanua majuzi lilikuwa linanibana tena kwapani. Nililifumua, nikaachia kitambaa cha ndani, nikalishona upya. Mwishowe hapakuwa na kitambaa cha kuachia, nikaanza kuvaa dera kama mama wa watoto sita, na mimi sikuwa hata na mmoja.

Naitwa Wanjiru. Kibanda changu cha kushona kiko Free Area, hapa Nakuru, na kazi yangu kubwa ni sare na sweta za shule. Wakati haya yanaanza nilikuwa nimeolewa na Kariuki miaka kadhaa bila mtoto. Ninayaandika kwa ajili ya dada mmoja nisiyemjua. Leo yuko mahali, ameketi kwenye benchi la kliniki, amekunja kitambaa ndani ya sidiria ili watu wasione, na ameapa hatamwambia mtu. Dada, mwambie mtu. Mimi nilisemewa, tena kwa nia mbaya, na bado naishukuru ile siku.

Kwanza siku zangu zilipungua, kisha zikakata kabisa. Mara ya kwanza zilipokosa tulishangilia. Kariuki alininunulia maembe ambayo hata sikuwa nimeyaomba. Kipimo cha duka la dawa kikasema hakuna kitu, tukala maembe kimya kimya. Nikaenda kwa daktari wa wanawake mjini. Alinitazama toka juu hadi chini, akasema, "Madam, kwanza punguza mwili. Ukipungua, mimba itakuja yenyewe." Nikapunguza chapati, nikapunguza ugali, nikaanza kutembea alfajiri mpaka mbwa wa mtaa wakanizoea. Tepu haikunihurumia. Hasira niliyokuwa nayo na mwili wangu siwezi kuieleza. Nilihisi nimepewa nyumba yenye mpangaji anayekula chakula changu na haonekani.

Halafu kichwa. Kiliuma nyuma ya macho, si kila siku, lakini kilipouma nilitaka kulala chini ya meza ya kukatia. Hicho nilikipeleka kwa muuza dawa, akanipa vidonge. Macho sikuyapeleka popote, maana sikujua kama yana shida. Nilichojua ni kwamba watu wamekuwa na maneno. "Fundi siku hizi unaringa," mteja mmoja aliniambia, "nimesimama hapa nikikusalimia kwa mkono na hunitazami." Bega langu la kushoto lilikuwa na alama nyeusi za kugonga mlango wangu mwenyewe. Siku moja nikivuka barabara, boda ilifunga breki ghafla hadi karibu nianguke. "Mathe, kwani huoni?" kijana akapiga kelele. Nilimjibu kwamba asiyeona ni yeye na mama yake. Nikiikumbuka hiyo leo nacheka, lakini siku ile nilikuwa na uhakika.

Na maziwa. Yalianza kwa tone moja nikioga. Nilidhani ni sabuni. Baadaye nikawa naamka na nguo ya kulalia ina madoa mawili makavu, magumu kama wanga. Nitasema ukweli: siku za kwanza nilifurahi. Nilidhani Mungu ananitayarisha, kwamba ametanguliza chakula na mgeni yuko njiani. Mgeni hakuja. Maziwa yakaendelea, na furaha ikageuka aibu kubwa kiasi kwamba hata Kariuki, ninayelala naye kitanda kimoja, sikumwambia. Nilikata vipande vya flana, nikavishona vizuri na pindo, nikavivaa ndani. Kazi yangu safi kabisa ya mwaka ule hakuna aliyeiona.

Sasa niwajulishe mama mkwe wangu. Anaitwa Nyambura, na anaishi Mau Narok, ambako analima viazi na kufuga ng'ombe wa maziwa. Si mtu mbaya, ingawa kuna wakati nilisema maneno mengine. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba ya baba yake, na wa kwanza wa kike jina la mama ya baba yake. Mtoto akishaitwa hivyo, tunasema yule mzee amezaliwa. Kariuki ni mwana wa pekee. Mama Nyambura alikuwa anangoja kuzaliwa, na mlango wa kupitia ulikuwa ni mimi. Kila msimu aliniletea mfuko wa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe ambayo kwetu hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili maziwa yatoke. Hakusema neno. Mfuko ulisema yote. Niliiweka njahi kwenye kabati, na kabati likajaa.

Msimu mmoja niliukuta mfuko umewekwa chini kibandani, kando ya sweta, bila mtu. Nikajua amemtuma jirani. Nikampigia simu kumshukuru. Akasema "Sawa," akakata. Nikashangaa nimemkosea nini.

Wakati wa kuvuna viazi tulipanda Mau Narok kusaidia, kama kila mwaka. Baridi ya kule huingia hadi kwenye meno. Nilikuwa nimeinama mtaroni nikiokota, nimevaa blauzi ya kijivu, na flana yangu ilikuwa imelowa kupita kiasi bila mimi kujua. Nilipojinyoosha, Mama Nyambura alikuwa amesimama mbele yangu na ndoo mkononi. Alikuwa ananitazama kifuani.

"Wanjiru, hiyo ni nini?"

"Ni umande, mama."

"Umande wa saa saba mchana?"

Akanishika mkono, akaniingiza kwenye chumba cha kuhifadhi maziwa, akafunga mlango. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma hadi leo. "Uko na mimba," alisema. "Na mlinificha."

"Sina mimba, mama. Nimepimwa."

Furaha ile ilitoka usoni polepole. Aliyatazama madebe ya maziwa, akanitazama mimi. "Mimi nimekamua tangu nikiwa msichana," akasema. "Sijawahi kukamua mtamba ambaye hajazaa. Maziwa hutanguliwa na ndama. Ndama yuko wapi?"

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Alikuwa anauliza kama nilizaa nikatupa. Au kama nilizaa nikampa mtu. Huo unene wote, hizo dera, huko kutosalimia watu, kwake vilikuwa vimepangana vizuri kama sare kwenye kamba.

Aliyarudia maneno yale mezani, mbele ya Kariuki, ambaye alikuwa bado ameshika sindano ya kushonea magunia. Nilingoja aseme, "Mama, wacha." Hakusema. Baadaye tukiwa wawili nje ya boma aliniuliza, "Kuna kitu hujaniambia?" Swali lile lilinichoma kuliko la mama yake. Mama aliuliza kwa ukali, kama mtu anayetafuta jibu. Yeye aliuliza kwa upole, kama mtu aliyekwisha kulipata.

"Jumatatu tunaenda hospitali," Mama Nyambura alisema. "Daktari atasema kama tumbo hili limewahi kubeba."

"Twende," nikamjibu kwa hasira. "Na akisema halijabeba, utaniomba msamaha kanisani, kwa kipaza sauti."

"Nitaomba."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda hospitalini nikiwa mshtakiwa. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa wanawake wenye matumbo. Mama Nyambura alijikunja kwenye benchi na mkoba mapajani, akaketi kati yangu na mlango, utadhani nitatoroka. Mwanamke wa pembeni, kwa wema tu, akamuuliza, "Ni firstborn?"

"Ndiyo tumekuja kujua," Mama Nyambura akajibu.

Tulipoitwa, tulimkuta daktari ni mwanamke wa umri wangu, macho yamechoka. Nikaanza hadithi yangu ya siku zote: siku zimekata, mwili umeongezeka, mimba haishiki. Aliandika bila kuinua uso. Nadhani alikuwa anakaribia kuniambia nipunguze chapati. Hapo ndipo mama mkwe alipoingilia.

"Daktari, usidanganywe na hii unene. Huyu ana maziwa na hana mtoto. Tunataka kujua alimpeleka wapi."

Nilitamani sakafu ipasuke. Daktari akaweka kalamu chini. Hakumtazama Mama Nyambura, alinitazama mimi.

"Ni kweli una maziwa? Pande zote mbili?"

"Ndiyo."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Kichwa kinauma?"

"Nyuma ya macho."

Akavuta kiti chake hadi magoti yetu yakakaribiana. Akasema nitazame pua yake na nisitazame kwingine. Akanyoosha mikono yake huku na huku, kama mtu anayepimwa shati. "Vidole vyangu vinacheza upande gani?"

"Vidole gani?" nikauliza.

"Wanjiru," Mama Nyambura akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo, "si hivyo hapo. Anavitingisha." Nikageuza shingo, na kweli, mkono ulikuwa pale pale kando ya sikio langu, vidole vinacheza. Nikageukia upande wa pili na huko pia vilikuwepo. Nilikuwa nimeishi kwenye kichochoro chembamba na nikadhani ndiyo dunia.

Mama Nyambura aliinuka. Nilisikia viatu vyake vikizunguka nyuma yangu hadi upande wa kushoto.

"Mimi unaniona?"

"Nakusikia tu, mama."

Kisha akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, "Ile siku nilileta njahi mimi mwenyewe. Nilisimama hapo kando ya sweta nikingoja anisalimie. Nikaona amenidharau, nikaiweka chini, nikaenda."

"Sidhani tunatafuta mtoto hapa, mama," daktari akamwambia. "Nadhani tunatafuta kitu kichwani."

Mambo ya kitaalamu nitawaachia wenyewe. Nilichoshika ni kwamba chini ya ubongo kuna tezi ndogo inayotoa amri, na yangu ilikuwa na uvimbe uliokuwa unapiga kelele ya maziwa, maziwa, maziwa, mpaka amri ya kushika mimba haikusikika tena. Mwili nao ukafuata fujo hiyo ukaongezeka. Uvimbe huohuo ulikuwa umekua juu ukaegemea mishipa ya macho. Yaani ugonjwa wangu ulikuwa mmoja, na mimi nilikuwa nimeukata vipande: siku zangu kwa daktari wa wanawake, kichwa kwa muuza dawa, unene kwa majirani, macho kwa boda, na maziwa ndani ya flana. Hakuna fundi anayeweza kukushonea gauni ukimpelekea mkono mmoja tu.

Damu ilipimwa. Kisha wakaniambia nifanyiwe MRI, ile picha ya kichwa. Ya pesa sitayasema, aliyepitia hapo anajua. Unaingizwa kwenye bomba jeupe, umefungwa kichwa, na mashine inalia kama vyerehani vyote vya mtaa vimekosa mafuta siku moja. Kabla sijaingia, Kariuki alikuwa ameshika viatu vyangu kwa mikono miwili.

"Nilikuuliza lile swali," akasema.

"Uliniuliza."

"Ningeweza kulirudisha, ningelirudisha."

"Halirudi. Shika viatu vizuri."

Alivishika. Nilipotoka nilimkuta ameketi palepale, viatu mapajani, macho mekundu. Sikumsamehe siku hiyo, lakini nilimruhusu anivalishe.

Siku ya majibu tulikuwa watatu mbele ya daktari wa homoni, mzee mpole mwenye miwani. Alituonyesha picha, doa jeupe katikati ya kichwa changu. Mama Nyambura akasogea. "Ni kubwa kama njahi?" akauliza.

"Ingekuwa njahi tungeshukuru," daktari akasema. "Hii ni kama kiazi cha mbegu, kile kidogo."

Wakulima wa Mau Narok hawahitaji kuelezwa zaidi. Tulijua kiazi cha mbegu hufanya nini kikiachwa.

"Mtampasua?" Kariuki akauliza.

Daktari alisema hapana, si kwanza. Kuna vidonge, mara mbili kwa wiki, na mara nyingi uvimbe wa aina hii husikia dawa ukanywea. Lakini macho hayana subira. Kama baada ya wiki chache hayajaanza kufunguka, nitapelekwa Nairobi nikapasuliwe kupitia puani. Nikauliza lile lililokuwa limenileta, kuhusu mtoto. "Tunaokoa macho kwanza," akasema. "Mtoto ni baadaye." Nilitazama mikono yangu. Fundi asiyeona na mke asiyezaa. Niliogopa kiasi kwamba niliuliza tena habari za vidonge, kana kwamba sikusikia, ili nisilie mbele yao.

Jumapili ile Mama Nyambura alisimama kanisani kwao, nami nikiwepo. Alishika kipaza sauti kwa mbali kama kitu cha moto. "Nilimsingizia mke wa mtoto wangu jambo baya," akasema. "Jambo lenyewe sitalisema. Mwombeeni macho yake." Akaketi. Wanawake wa kanisa walipasuka kwa hamu ya kujua, na hawajui hadi leo.

Vidonge nilivimeza Jumapili na Jumatano, baada ya kula. Asubuhi zake zilikuwa ngumu. Nikiinuka haraka nyumba inazunguka, harufu ya mafuta ya cherehani inanitapisha, pua imeziba. Mwenzangu utakayepewa hivyo vidonge, kula kwanza ushibe, na ukiamka keti kitandani kidogo kabla ya kusimama. Hilo halikuandikwa kwenye pakiti yangu, nilijifunza sakafuni.

Kila jioni, sahani zikiisha kuondolewa, Kariuki alichukua kigurudumu cha uzi mwekundu kutoka kwenye meza yangu. Mimi nilitazama msumari ukutani. Yeye alisimama nyuma ya sikio langu na kuuleta uzi mbele polepole. "Sasa?" "Bado." "Sasa?" "Bado, usiniharakishe." Jioni za kwanza uzi ulikuwa karibu na pua ndipo nilipouona. Hatukuwa tumezungumza vizuri tangu Mau Narok, kwa hiyo hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Jioni moja mvua za Aprili zikipiga mabati hata hatusikilizani, niliona wekundu pembeni, hafifu, kama mtu anayechungulia.

"Hapo," nikasema.

"Hapana, hujaona. Unabahatisha."

"Kariuki, naona. Umeshika na mkono wa kulia. Kidole kimoja kina plasta."

Alikaa chini. Alilia kwa sauti, mtu mzima na uzi mkononi, na mimi nikamshika kichwa. Hapo ndipo nilipomsamehe, kama mnataka kujua.

Nairobi hatukwenda. Macho yalifunguka, kwanza kidogo, kisha kwa fujo, mpaka nikawa nashtuka kila mtu akipita kibandani. Maziwa yalikauka mvua zikiendelea. Mtu angedhani ningecheza. Asubuhi niliyoamka na nguo kavu nililia kupita kiasi, kwa kuwa ingawa yalikuwa ugonjwa, ndiyo kitu pekee mwilini mwangu kilichofanana na mama. Hilo pia halikuandikwa kwenye pakiti. Likikupata, lia tu.

Katika baridi ya Julai siku zangu zilirudi, kanisani, katikati ya wimbo, na sketi yangu nyeupe ndiyo iliyotangaza. Dada mmoja alinifunga leso kiunoni kwa huruma. Hakujua kwa nini nilikuwa natabasamu. Mwili nao ulilegea kidogo kidogo, gauni moja likarudi kuwa gauni. Sijarudi saizi ya arusi na sitarudi, unene mwingine haukutoka kwenye tezi, ulitoka jikoni.

Lakini mnakumbuka, mtoto ni baadaye. Daktari alikataa tushike mimba mpaka picha ionyeshe uvimbe umenywea vya kutosha, maana mimba huweza kuuamsha. Basi mimi na Kariuki, tulioombewa mtoto katika kila kesha, tukaanza kununua mipira ya kondomu. Muuza dawa wa mtaani, ambaye ni mzee wa kanisa letu, alimtazama Kariuki, akatazama pakiti, akamtazama tena. "Boss, uko sure?" akamuuliza. Kariuki alirudi nyumbani ameloa jasho.

Watu wakaanza tena. Nimepona, ninangoja nini? Nilitegemea Mama Nyambura awe wa kwanza. Kumbe alikuwa amewaambia wanawake wa Mau Narok, "Wanjiru anangoja ruhusa ya daktari. Mwenye swali aje aniulize mimi." Hakuna aliyekwenda kumuuliza. Njahi nayo haikuja msimu ule, na nilijua ni heshima. Lakini kila nikimpigia simu alikuwa anauliza macho kwanza, kisha anakaa kimya kidogo, na kimya kile nilikielewa. Umri ulikuwa unakwenda. Alianza kulalamika magoti, akauza ng'ombe aliyekuwa anarusha mateke.

Picha ya pili ilipigwa wakati wa vumbi la Januari. Daktari mzee aliitazama kwa muda mrefu, mimi nikikunja na kukunjua ncha ya leso. Kisha akageuka si kwangu bali kwa mama mkwe. "Sasa ndiyo njahi," akamwambia. Mama Nyambura alijifunika uso kwa mkoba.

Mimba ilishika kabla ya viazi kuvunwa. Ningependa kuwaambia hapo ndipo wasiwasi uliisha, lakini ninaandika ili kusaidia, si kufurahisha. Walinisimamishia vidonge mara moja. Kila mwezi niliona tumbo likikua na nikawaza kile kiazi nacho kinakua, wote wawili gizani, na mimi sina mlango wa kuchungulia. Nilipimwa macho kwa mashine kila baada ya muda: unaweka kidevu, taa ndogo zinawaka pembeni, unabonyeza kitufe kila ukiona moja. Ukikaa bila kubonyeza hata dakika, moyo unapiga. Kariuki naye alitoa uzi wake mwekundu tena.

Tumbo likiwa kubwa, kichwa kikauma nyuma ya macho. Palepale pa zamani. Nilisimamisha cherehani. Kariuki akaja na uzi, na upande wa kushoto nikasema "Sasa" nikiwa sina hakika, na yeye akajua sina hakika. Hatukungoja kesho. Hospitalini niliweka kidevu mahali pake. Niliomba ombi ambalo sijamwambia pasta: kwamba kama ni lazima kuchagua kati ya macho na mtoto, nisiulizwe mimi. Taa zilianza. Nilibonyeza. Nilibonyeza mpaka kidole kikauma. Yule mpimaji alitoa karatasi, akampelekea daktari, na tukakaa kwenye benchi lilelile, Kariuki ameshika viatu vyangu bila kuambiwa, maana miguu ilikuwa imevimba.

"Macho ni mazima," daktari akasema. "Hiki ni kichwa cha mtu asiyelala. Nenda ulale."

Nililala kwenye benchi hapohapo, na Kariuki akasema nilikoroma.

Mtoto alizaliwa mvua zikiwa zimeanza upya. Alikuwa mzima, ana nywele nyingi, na alikuwa wa kiume.

Nilimpenda kabla hawajamfuta. Lakini nilipotulia nilimfikiria Mama Nyambura, na moyo ukashuka. Huyu alikuwa Mwangi, baba yake Kariuki, aliyekufa Kariuki akiwa shule ya msingi. Mama Nyambura alikuwa hajazaliwa. Kama mimba ya pili itapata ruhusa, kama uvimbe utakubali kulala, kama magoti yake yatangoja, hayo yote hakuna daktari aliyeweza kuniahidi. Barabara ya Mau Narok ilikuwa imeharibiwa na mvua, kwa hiyo hakufika mara moja. Waliniweka wodini kuangalia macho yangu, na nikapata muda mrefu wa kutafuta maneno.

Alipofika sikuwa nimeyapata. Nilikuwa nimetazama mbele, dirishani, na nikaona kitambaa cha kijani kikisimama upande wa kushoto, mlangoni, kimya. Hakuwa amesema neno.

"Nimekuona, mama," nikasema bila kugeuka. "Karibu."

Alisimama palepale kidogo, kisha akaja, akaketi kitandani, akaweka mfuko wake chini. Akamfunua mtoto, akamtazama usoni kwa muda.

"Wameniambia ni kijana."

"Ni Mwangi, mama. Pole."

"Pole ya nini?" Akacheka, na machozi yalikuwa yanashuka huku akicheka. "Huyu mzee alinitangulia kufa, na sasa amenitangulia kuzaliwa. Siku zote alikuwa na haraka. Mimi nimezoea kungoja." Akafungua mfuko, akatoa bakuli la njahi iliyopondwa na ndizi, bado ina mvuke. "Kula. Nyonyesha huyu. Uangalie macho yako. Zamu yangu haina presha."

Mtoto akaanza kulia. Gauni la hospitali likalowa pande zote mbili, mbele ya mama mkwe wangu, na sikutafuta kitambaa.